Pumzi za Bendi ya Matarumbeta

Mvua ya Tukuyu haimwulizi mtu ana shughuli gani. Alhamisi ile ilianza mchana, ikapenya kwenye paa la banda ambamo bendi ya matarumbeta ya kanisa ilifanyia mazoezi, na wapigaji wote wakakimbilia ukumbini wakiwa wamekumbatia vyombo vyao kama watu waliookoa watoto kwenye mafuriko.

Humo walimkuta Nesi Subilaga akipanga viti kwa ajili ya Jumamosi ya Vipimo. Alikuwa mke wa kiongozi wa bendi, Anyosisye, kwa hiyo hakuna aliyebisha hodi.

"Mama Gwamaka, tupishe kidogo," mumewe alisema huku akifuta tarumbeta kwa pindo la shati. "Mashindano yamekaribia, na besi bado inaburuta."

"Besi haiburuti," ilijibu sauti nzito kutoka nyuma ya tuba. "Ninyi ndio mnaokimbia."

Huyo alikuwa Mzee Lwitiko. Kabla ya kustaafu alikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na hata baada ya kuvua joho watu waliendelea kumwita Baba Hakimu, kwa sababu kila alichokisema, hata kama ni kuomba chumvi, kilitoka kama hukumu.

Subilaga alifunga madirisha ili mvua isiingie. Bendi ikaanza, naye akaendelea kupanga viti huku akiufuatisha wimbo kwa sauti ya pili, maana ulikuwa wimbo aliopendwa nao tangu usichana, kama alivyozoea kusema. Yeye alidai nyimbo ndizo humchagua mtu.

Juu ya meza ya mbele kilisimama Kinusi. Mtu asiyekijua angedhani ni chupa ya chai yenye mdomo wa mpira. Ndani yake mlikuwa na utando laini uliooteshwa maabara kwa kuiga pua ya mbwa. Kila chembe ya mwili hupumua, na chembe iliyoanza kuharibika hupumua kwa harufu yake, hafifu mno kwa pua ya binadamu. Damu huibeba harufu hiyo hadi mapafuni, mapafu huitoa nje, na hapo ndipo Kinusi huinasa. Hakikusema mtu ana saratani. Kilisema tu kwamba kuna jambo la kufuatilia, kikataja pa kuanzia: titi, mlango wa kizazi, tezi dume, utumbo mpana au pafu. Baada ya hapo mtu alikwenda hospitali kupata kipimo kamili kama ilivyokuwa tangu zamani.

Lakini kwanza kiliuliza. Sheria ya Pumzi ilikuwa imetamka wazi: pumzi ya mtu ni mali yake kama damu yake, na asiposema "ndiyo" kwa kinywa chake, isisomwe. Siku hiyo Subilaga alikuwa amekiwasha mapema ili kizoee hewa ya ukumbi, na watu walipoingia alipaswa kukifunika kwa kifuniko chake. Alikuwa na viti mikononi na wimbo kinywani. Akasahau.

Walipofika kwenye kiitikio, taa ndogo ya Kinusi iliwaka rangi ya chungwa. Subilaga akadhani kimeharibika. Akasogea, akasoma maandishi kwenye kioo chake: *Ndugu mpimaji, miongoni mwa pumzi zilizomo humu kuna moja inayohitaji kufuatiliwa. Tafadhali walete mmoja mmoja.*

Bendi iliendelea kupuliza.

* * *

"Futa," alisema Daktari Mbutolwe kwenye simu. "Futa sasa hivi, kisha andika kwamba umefuta."

"Nimeshafuta, daktari. Tatizo ni kwamba nimesoma."

Daktari alisikika akifunga mlango. Alikuwa msimamizi wa vipimo wilaya nzima, mwanamke mwenye haraka lakini si mwenye moyo mgumu. "Basi wakaribishe Jumamosi kama unavyowakaribisha wengine."

"Jumamosi wana mazoezi. Na nusu yao wamekuwa wakinikwepa tangu mwaka juzi. Shemeji zangu hao, nawajua."

"Subilaga, sheria haikukataza kuwashawishi watu. Imekukataza kuwanusa."

Wakati wa chakula Subilaga alimtazama mumewe akila ndizi na maharage kwa furaha ya mtu asiye na habari. Akatazama anavyotafuna, anavyomeza, kana kwamba uvimbe wowote ungeonekana kwa macho. Ghafla akajikuta ameinama karibu na bega lake.

"Unaninusa?" Anyosisye aliuliza.

"Naangalia kama umeoga."

"Nimenyeshewa mchana kutwa. Sijawahi kuwa safi kama leo."

Alicheka, naye Subilaga akacheka, lakini ndani yake swali lilikuwa limekaa kitako. Mmoja wa watu wale ana kitu mwilini. Kitu kidogo pengine, kinachotibika leo na kisichotibika kesho. Akinyamaza, ametii sheria na mtu huyo ataendelea kupuliza hadi siku atakapoishiwa pumzi. Akisema, atakuwa amewatia hofu watu wengi kwa sababu ya mmoja, na hofu hiyo hakuna aliyeiomba.

* * *

Kesho yake alikwenda kwenye mazoezi na Kinusi akiwa nacho kwenye mkoba. Alijiambia kwamba amekibeba tu. Wakati wa mapumziko wifi yake Tumpe, dada wa Anyosisye, aliyepiga tromboni na aliyeuza parachichi sokoni kwa sauti iliyoweza kuishinda tromboni yenyewe, alitoa wazo.

"Kaka, hebu kila mtu apige peke yake. Tujue nani anaharibu."

Mkono wa Subilaga ulikuwa tayari kwenye zipu ya mkoba. Ilikuwa kazi rahisi mno. Afungue kidogo, aweke mkoba juu ya kiti kilichokuwa mbele ya mpigaji, na nyimbo zikiisha atakuwa anajua. Hakuna ambaye angejua kwamba anajua. Kisha angemwendea mtu huyo kwa upole, kwa ujanja wa kinesi, amsukume hospitali bila kumwambia kwa nini.

Anyosisye aliinua tarumbeta. Subilaga akautoa mkono kwenye zipu na kusimama.

"Naomba mnisikilize kabla hamjapiga," alisema. "Jana nimewakosea."

Akawaeleza yote: chombo alichosahau kukifunika, taa iliyowaka, maandishi, na jinsi alivyofuta. Alipomaliza, mate yalisikika yakidondoka kutoka kwenye valvu ya tarumbeta moja.

Tumpe ndiye wa kwanza kupata sauti. "Wifi, yaani umetuibia usingizi wote ili mmoja apone."

"Ndiyo. Na sikujua njia nyingine."

"Sijasema ni vibaya. Nasema tu ujue umeiba."

Mmoja akasema heri kujua, mwingine akasema heri angenyamaza, wa tatu akauliza kama kukohoa tangu Pasaka kunahesabika. Mwisho wote wakamgeukia Baba Hakimu, kama walivyozoea mambo yanapokuwa magumu. Mzee aliilaza tuba yake pembeni kwa uangalifu.

"Nesi amekosa, amekiri, na hakujificha," alisema. "Hilo nimeliona. Lakini kuna jambo hamjaliona. Tuseme kesho ninyi nyote mnakwenda kupuliza, na wote mnaonekana wazima. Mimi nisipokwenda, mtakuwa mmenipima bila pumzi yangu. 'Ndiyo' zenu zitakuwa zimeila 'hapana' yangu."

"Kwani hutakwenda, Baba?" Anyosisye aliuliza.

"Hilo ndilo swali ambalo hampaswi kuniuliza."

Walijadiliana hadi mvua ikakatika. Hatimaye wakapatana: anayetaka aende, asiyetaka asiende, na atakayetoka asimwambie mtu majibu yake, hata mkewe, hata mumewe, mpaka mwenyewe atakapoona vema. Wote wakamtazama Tumpe.

"Mnanitazamia nini?" Tumpe alisema. "Mimi ni kaburi."

Hata Baba Hakimu alicheka.

* * *

Jumamosi ya Vipimo ilijaa kuliko zote alizowahi kuziendesha Subilaga. Habari za bendi zilikuwa zimevuja, na watu wakaona kwamba kama wapiga tarumbeta wanakwenda, basi kuna la maana. Wanawake walipanga mstari wa kipimo cha mlango wa kizazi, wengine wakajiandikisha kwa picha ya matiti. Wanaume walikaa kwenye benchi la kuongea na daktari kuhusu tezi dume, wakizungumzia mpira kwa bidii isiyo ya kawaida. Waliovuka umri wa arobaini na tano, wake kwa waume, walipewa vikopo vya kupimia choo kwa ajili ya utumbo mpana, na vikopo hivyo vilifichwa kwenye kofia, kwenye mikoba, na kimoja ndani ya tarumbeta. Juu ya paa droni ya hospitali ilikuja na kuondoka ikibeba sampuli.

Watu wa bendi waliingia kwa Subilaga mmoja baada ya mwingine. "Je, unakubali pumzi yako isomwe?" Kinusi kiliuliza kwa sauti yake ya adabu, nao wakajibu ndiyo, wakapuliza. Kijani. Kijani. Anyosisye alijibu "ndiyo" kama bwana harusi, akapuliza, kijani, na Subilaga ikambidi ainame kama anayetafuta kalamu ili asilie. Tumpe alipopata kijani chake alifunga midomo kwa vidole viwili, akatoka akiwa amevimba mashavu.

Jioni ukumbi ulikuwa mtupu. Bendi nzima ilikuwa imepita isipokuwa mtu mmoja.

* * *

Jumapili baada ya ibada Subilaga alikwenda kwa Baba Hakimu. Alimkuta barazani akiipaka tuba yake nta. Pembeni ya kiti chake palikuwa na mikungu ya ndizi, kapu la parachichi, sufuria ya uji iliyofunikwa, na kuku aliyefungwa miguu, ambaye alimtazama Subilaga kwa lawama.

"Karibu, Mama Gwamaka. Hivi vyote vimeletwa tangu jana," mzee alisema. "Hakuna aliyesema kitu. Wamekuja, wamenishika mkono kwa muda mrefu, wameacha mzigo, wameondoka. Siri imetunzwa vizuri sana."

Subilaga akakaa. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, lakini badala ya kuyasema akamtazama mzee usoni.

"Usinitazame hivyo," mzee alisema.

"Sijasema kitu, Baba. Sheria hainiruhusu."

"Sheria imekufunga mdomo. Uso haikuufikiria." Aliendelea kupaka nta. "Mke wangu Ikupa alipimwa kwa chombo cha kwanza kabisa cha namna hii. Wakati huo havikuuliza. Alikwenda kumwona mgonjwa, akapita mlangoni, wakamwita pembeni. Ugonjwa wake ulikuwa wa kumaliza, hakuna ambalo lingefanyika. Alibaki na mwaka mmoja, akauishi wote kama mtu anayesubiri kesi. Mimi ningependa aupate ule mwaka bila kujua, alime maua yake. Sichukii vipimo. Nachukia kujulikana kabla sijajijua."

"Lakini si kila kinachoonekana ni cha kumaliza," Subilaga alisema taratibu. "Siku hizi tunaviona vingi vikiwa vidogo, vinatolewa, mtu anarudi shambani. Nisingekuja kama ningekuwa sina la kukupa."

"Naamini. Na bado unanishtaki." Mzee akaweka kitambaa chini. Sauti yake ikawa ile ya mahakamani. "Chombo kilisema kuna pumzi moja. Umewapima wote, wote wazima, nimebaki mimi. Ndivyo?"

"Siwezi kujibu."

"Umeshajibu. Sasa niambie, Alhamisi ukumbini alikuwepo nani mwingine?"

"Hakuna. Bendi tu."

"Aliyekuwa akiimba sauti ya pili alikuwa nani?"

Subilaga alicheka. Aliona ni utani mzuri, wa mzee anayejitetea. Kicheko kikafika katikati, kikakwama.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Alikuwa ameshika Kinusi mbele ya midomo ya nusu ya wilaya. Yeye mwenyewe hakuwahi kupuliza hata mara moja. Kila Jumamosi alisema atamalizia na yeye, na kila Jumamosi alikuwa amechoka.

"Ushahidi wako una mwanya, mwanangu," Baba Hakimu alisema, sasa kwa upole. "Lete hicho chombo."

Kilikuwa kwenye mkoba. Alikitoa, akaondoa kifuniko, akakiweka juu ya meza kati ya uji na parachichi.

"Je, unakubali pumzi yako isomwe?" Kinusi kiliuliza.

Kwa mara ya kwanza Subilaga aligundua kwamba swali lile lilikuwa refu. Alisema ndiyo. Akapuliza.

Rangi ya chungwa. *Anzia: utumbo mpana.*

Alikuwa ametoa habari hii kwa watu wengi, kwa sauti laini aliyojifunza chuoni, akiamini ulaini ule ndio uliowafikia. Sasa akajua kwamba mtu hasikii sauti yoyote. Yeye alichosikia ni yule kuku, akikwaruza sakafu.

Baba Hakimu hakumwambia asiogope. Alimimina uji kwenye kikombe, akamwekea mkononi, akasubiri hadi alipokunywa.

"Sasa niambie wewe nesi," alisema, "mtu akipata majibu haya, hufanya nini?"

"Huenda hospitali. Wanaingiza kamera ndogo, wanaangalia. Wakikuta kinyama kimeota kwenye ukuta wa utumbo, wanakikata hapohapo. Mara nyingi huwa bado hakijawa saratani."

"Basi wewe utafanya hivyo."

"Nitafanya hivyo." Akaweka kikombe mezani. "Na wewe, Baba, umetoka kwenye kesi. Huna haja ya kupuliza tena."

Mzee akavuta kiti karibu na meza.

"Ndiyo maana sasa naweza," alisema. "Jana 'ndiyo' yangu ingekuwa yenu. Leo hakuna anayenisukuma." Akakikabili chombo, akakisikiliza kikiuliza hadi mwisho, akajibu, kisha akapuliza kwa mapafu ya mpiga tuba.

"Tafadhali pumua kawaida," Kinusi kilisema.

Alirudia taratibu. Kijani.

"Hata hivyo kwa umri wako ungeongea na daktari kuhusu tezi dume," Subilaga alisema kabla hajajizuia.

"Nitaongea naye," alisema Baba Hakimu. "Na huyu kuku tumrudishie nani?"

* * *

Usiku huo alimwambia Anyosisye, naye akainama na kumfunga kamba za viatu ingawa walikuwa hawaendi popote.

Siku ya kipimo Daktari Mbutolwe mwenyewe alisimamia. Subilaga alipoamka kutoka kwenye dawa ya usingizi alionyeshwa picha: kinyama kidogo, kama harage lililosahauliwa kwenye chungu. Kilikuwa kimekatwa chote. Baadaye majibu ya maabara yakathibitisha kwamba kilikuwa bado njiani, hakijafika. Angerudi kuangaliwa tena baada ya muda, na zaidi ya hapo alikuwa mtu mzima wa kawaida mwenye njaa.

Mazoezi ya mwisho kabla ya mashindano, alisimama mbele ya bendi.

"Ilikuwa mimi," alisema. "Nimetibiwa. Nawaambia kwa sababu nimetaka mjue."

Walimtazama yeye, kisha wote kwa pamoja wakamgeukia Baba Hakimu, aliyekuwa ameketi nyuma ya tuba yake akiwa amenawiri kuliko alivyowahi kuwa.

"Wifi," Tumpe alisema polepole, "kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa nikimkorogea uji mtu mzima wa afya."

"Ulikuwa uji mzuri," Baba Hakimu alisema. "Sikuona sababu ya kuukatia rufaa."

Vicheko vilichukua muda kutulia. Ndipo Tumpe alipokuja akamkumbatia wifi yake kwa nguvu, akalia kidogo begani mwake, akajipangusa kwa kitambaa cha tromboni na kuuliza kama sasa anaruhusiwa kusema majibu yake. Akaambiwa ni yake. Akayasema yote, pamoja na ya picha ya matiti na maoni yake kuhusu ubaridi wa ile mashine, hata Anyosisye akalazimika kupiga tarumbeta ili mazoezi yaanze.

Kwenye mashindano walikuwa wa pili. Besi haikuburuta.

Miezi michache baadaye Jumamosi ya Vipimo ilifanyika katika kijiji cha jirani, kwenye ghala la chai. Kufikia wakati huo wilaya ilikuwa imeongeza utaratibu mpya, uliopendekezwa na Subilaga na kuandikwa kwa lugha ya kisheria na Baba Hakimu: kabla ya mtu yeyote, mpimaji apulize kwanza mbele ya watu, akikubali. Subilaga alisimama juu ya jukwaa la mbao, akaulizwa, akasema ndiyo, akapuliza. Kijani kilipowaka watu walipiga makofi kama amefunga goli.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, ambaye mkewe alikuwa amemshika mkono kama mtu anayezuia mbuzi asirudi. Alikitazama Kinusi, akamtazama Subilaga.

"Ndiyo," alisema.

"Hujaulizwa bado, baba," Subilaga alimwambia. "Subiri uulizwe."

Mtu yule akavua kofia, akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa mkewe, akasubiri. Kinusi kikauliza. Akafikiri kidogo, peke yake, huku mstari mzima ukimngoja.

"Ndiyo," alisema.